Likasi: Mke wa pili kati ya sheria ya serikali na kanisa la Wamormoni

LIKASI, Haut-Katanga – Mwanaume mwenye wake wawili akifika kwenye kanisa la Wamormoni mjini Likasi na kuomba abatizwe, jibu linajulikana kabla hajaketi: haiwezekani, mpaka hali ya nyumba yake ibadilike. Jibu hilo peke yake halimshangazi mkaaji wa hapa. Wakatoliki wanasema hivyo, Wakimbangu wanasema hivyo. Kinachoshangaza ni nani anayelitoa. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo jina lake kamili, ni kanisa ambalo katika karne ya 19 wanaume wake walikwenda gerezani, wakajificha na wengine wakakimbilia Mexico kwa sababu walikataa kuacha ndoa za wake wengi.

Leo kanisa hilo hilo, likiwa Congo, linaishika sheria ya mke mmoja kwa nguvu kuliko serikali iliyoitunga. Na kati ya sheria isiyofuatiliwa na kanisa lisilolegeza, kuna mtu ambaye hakuna anayemwandika popote: mke wa pili.

Jambo hili limepata uzito mpya tangu 2022, mwaka ambao ujenzi wa hekalu la Wamormoni mjini Lubumbashi ulianza. Kabla ya hekalu la Kinshasa kuwekwa wakfu Aprili 2019, Mmormoni wa Katanga aliyetaka ndoa yake ifungwe kwa milele, jinsi imani yao inavyofundisha, alitazama upande wa Johannesburg. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi. Hata malori ya madini yakijaa njiani, mtu anafika. Lakini hekalu haliingii kila mtu. Anayetaka kuingia anapita kwanza mbele ya askofu wa kata yake, kisha mbele ya uongozi wa kigingi, ambacho wengi hapa wanakiita kwa Kifaransa, pieu. Likasi ina kigingi chake. Huko mtu anaulizwa juu ya maisha yake na ya nyumba yake, na wale wanaoishi pamoja bila ndoa halali, ile hali ya "yaka tofanda", wanaambiwa wafunge ndoa au waachane. Mwenye nyumba mbili anakutana na ukuta mrefu zaidi.

Sheria inaona karatasi

Sheria ya Congo haina maneno mengi juu ya hili. Code de la famille ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kifungu chake cha 354 kinamkataza mtu kufunga ndoa mpya kabla ile iliyotangulia haijavunjwa au kufutwa. Hakuna aliyeachwa nje: si chifu wa kijiji, si Muislamu wa Kasongo ambaye dini yake inamruhusu hadi wanne, si bwana aliyetajirika na shaba. Na anayetaka kujitetea kwa uhuru wa dini atakutana na kifungu cha 22 cha Katiba ya 2006. Kinampa kila mtu haki ya kuonyesha imani yake, kisha kinaweka mpaka: kuheshimu sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine.

Katanga haikuanza jana katika mambo haya. M'siri, mfalme wa Bunkeya, kaskazini ya Likasi, alikuwa na mamia ya wake kabla ya kuuawa tarehe 20 Desemba 1891, na ndoa zile zilikuwa siasa: wake wengi walimfunga na koo na vijiji ambavyo angepata shida kuvitawala kwa bunduki peke yake. Wabelgiji walipokuja waliwatoza kodi ya ziada wanaume wa wake wengi, na mwishowe wakatoa dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 iliyokataza ndoa mpya za namna hiyo kuanzia Januari 1951. Kampuni ya Union Minière haikungoja dekreti. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilitaka mfanyakazi mwenye mke mmoja, nyumba moja kambini, na posho iliyohesabiwa kwa mke huyo na watoto wake. Kambi za Jadotville, jina ambalo Likasi ilibeba wakati ule, zilijengwa juu ya hesabu hiyo. Mke aliyeandikwa kwenye kitabu cha kampuni alikula. Asiyeandikwa alijitafutia.

Basi wake wa pili hawakwisha. Walitoka kwenye karatasi tu. Wanahistoria walioichunguza Congo ya Wabelgiji wanasema wazi kwamba marufuku ya 1950 iliifundisha ndoa ya wake wengi kujificha, na watoto wa Congo wote wanajua jina ambalo maficho hayo yalikuja kupewa baadaye: deuxième bureau.

Hapo ndipo sheria inapoteleza. Kifungu cha 354 kinakataza kufunga ndoa. Mwanaume wa Likasi anayempangia mama mwingine nyumba Kikula au Panda, akapeleka mali kwa wazazi wake, akanywa nao pombe na kupiga picha, hajafika mbele ya afisa wa état civil hata mara moja. Mbele ya ukoo ana wake wawili. Mbele ya serikali ana mke mmoja, na yule mwingine ni mtu wa kufahamiana naye. Sheria ya uzinzi ipo, ni kweli, lakini inaamka pale tu mke aliyekosewa anapopeleka malalamiko, na mama anayefikiria kumpeleka bwana wake mbele ya mahakama anafikiria pia unga wa mwisho wa mwezi. Hivyo mtu anaweza kuishi miaka 20 na nyumba mbili bila kuvunja kifungu kinachokataza nyumba mbili. Ni utii wa ajabu kidogo.

Hila ambayo Wamormoni waliitumia zamani

Ukisoma historia ya Wamormoni wenyewe, hila hiyo haitakuwa ngeni.

Kanisa lao lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830, jimboni New York. Tangu mwanzo lilikuwa na maandiko yanayoamuru utii kwa serikali: ufunuo wa 1831 unaowaonya waamini wasivunje sheria ya nchi, na Makala ya Imani ya 12, iliyotoka katika barua ya 1842, inayowataka wawatii wafalme, marais na mahakimu. Lakini wakati barua ile inaandikwa, Smith alikuwa tayari ameoa wake kadhaa kwa siri katika mji wa Nauvoo, Illinois, jimbo ambalo sheria yake ilikataza jambo hilo. Ufunuo juu ya wake wengi uliandikwa Julai 1843. Ulitangazwa hadharani Agosti 1852 tu, baada ya Smith kuuawa na watu wake kuhamia Utah, mbali na mikono ya serikali.

Mikono hiyo iliwafikia. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kwanza ya Marekani dhidi yao. Wamormoni walisema sheria hiyo inapinga uhuru wa dini, na George Reynolds, katibu wa kiongozi wao Brigham Young, akakubali kesi yake iwe kipimo. Januari 1879 Mahakama Kuu ya Marekani ilimjibu: serikali haiwezi kutawala kile mtu anachoamini, lakini inaweza kutawala kile anachofanya. Reynolds akaenda gerezani. Msomaji wa Congo anaweza kuiweka hukumu hiyo kando ya kifungu chetu cha 22, ataona ndugu wawili.

Baadaye zikaja sheria za 1882 na 1887. Ya kwanza iliadhibu hata kuishi pamoja, bila kuuliza cheti, maana watawala walikuwa wameshaelewa kwamba ndoa zile hazikuwa na karatasi ya kuonyesha mahakamani. Ya pili ilivunja kanisa kama shirika na kuchukua mali zake. Mei 1890 Mahakama Kuu ilikubali sheria hiyo ya pili. Septemba mwaka huo, rais wa kanisa Wilford Woodruff alitoa Tamko akisema atazitii sheria za nchi na kuwataka waamini wake wafanye vilevile. Mwaka uliofuata aliwaeleza waamini kile alichosema Mungu alimwonyesha: wangeendelea, wangepoteza mahekalu na viongozi wangejaa gerezani. Mwaka 1896 Utah ikapokewa kama jimbo kamili la Marekani.

Habari nyingi zinaishia hapo. Ila Tamko la 1890 lilizungumza juu ya sheria za nchi, na wapo waliolisoma kama wakili anavyosoma mkataba: kama tatizo ni sheria ya Marekani, basi ndoa ifungwe Mexico. Ndoa kadhaa zilifungwa huko, na sehemu nyingine, baadhi zikiwa na baraka za viongozi, ingawa Mexico nayo ilikataza. Mwaka 1904 Baraza la Seneti lilipochunguza kama Reed Smoot, mtume wa kanisa hilo, anastahili kiti cha seneta, rais mpya wa kanisa Joseph F. Smith aliitwa kutoa ushahidi. Alikiri kwamba bado anaishi na wake zake watano, na kwamba walimzalia watoto 11 baada ya Tamko. Mwezi uliofuata, Aprili 1904, alitoa tamko la pili: atakayefunga ndoa mpya ya namna hiyo, popote, atafukuzwa. Mitume wawili, John W. Taylor na Matthias Cowley, waliachia nafasi zao kwa sababu hawakukubali.

Ushahidi ule wa 1904 una jambo la kushika. Joseph F. Smith hakuwafukuza wake zake wanne ili abaki na mmoja. Aliliambia Baraza la Seneti, kwa maneno mengine, kwamba sheria ya nchi anaijua, na anajua pia kwamba anavunja kipengele chake, lakini wanawake hawa walimwamini wakazaa naye, hawezi kuwatupa. Na serikali yenyewe ililegeza kamba: Rais Benjamin Harrison alitoa msamaha mwaka 1893, Rais Grover Cleveland mwaka 1894. Kizazi kile kiliachwa kizeeke na wake zake.

Mlango mwembamba wa Afrika

Congo ililitambua kanisa hilo rasmi Aprili 1986, mwaka mmoja na miezi kabla ya Code de la famille. Leo lina waamini wengi katika nchi hii. Mwafrika anayeingia akiwa na wake wawili hakupewa nafasi ile iliyopewa kizazi cha Utah. Katika mkutano mkuu wa Oktoba 1998, rais wa kanisa Gordon B. Hinckley alisema wazi kwamba hata katika nchi ambazo sheria au dini inaruhusu wake wengi, kanisa linafundisha mke mmoja na halipokei wale wanaoishi hivyo. Kitabu cha mwongozo wa viongozi kinakaza zaidi: mtu mzima aliyewahi kushiriki ndoa ya namna hiyo, hata kama ameacha, anahitaji kibali cha Urais wa Kwanza kabla ya kubatizwa. Askofu wa Likasi hana sauti ya mwisho. Barua inakwenda Salt Lake City. Na mwongozo hausemi wanaume peke yao, kwa hiyo mama aliyekuwa mke wa pili anapita mlango huo huo.

Viongozi na waamini wengi wakiulizwa sababu, jibu la haraka ni Makala ya 12: sisi tunatii sheria ya nchi. Kwa Likasi jibu hilo linakaa vizuri, kwa kuwa sheria na kanisa vinasema kitu kimoja. Lakini vuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie mpaka Kigoma. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inatambua ndoa ya wake zaidi ya mmoja. Kenya nayo, kwa sheria ya 2014, inaitambua kwa ndoa za kimila na za Kiislamu. Mwanaume wa Kigoma mwenye wake wawili walioandikwa hajavunja sheria yoyote ya nchi yake, ana vyeti mkononi, na bado kanisa litamkataa kama linavyomkataa ndugu yake wa Likasi.

Kwa hiyo utii kwa sheria hauelezi yote. Mwaka 1890 sheria ndiyo iliyolisukuma kanisa. Katika Afrika kanisa limekwenda mbele ya sheria na kuifanya kanuni kuwa yake. Bunge la Kinshasa likifuta kifungu cha 354 kesho asubuhi, jibu la askofu wa Likasi litabaki lile lile jioni. Hakuna ubaya kanisa kuwa na kanuni yake. Kitabu cha Mormoni chenyewe, katika maneno ya Yakobo, kinawaamuru wanaume wawe na mke mmoja, isipokuwa Mungu aagize vingine. Lakini mwanaume anayeambiwa "ni kwa sababu ya sheria" anaambiwa nusu ya habari. Nusu nyingine ni jina: kanisa lililobeba sifa ya wake wengi kwa zaidi ya miaka 100 haliwezi kukubali picha ya familia ya wake wengi ikae kwenye viti vyake vya mbele. Hasa kwa kuwa Marekani bado yapo makundi yaliyojitenga nalo na kuendelea na wake wengi, na kila mara yanapotokea kwenye habari, watu wanawachanganya.

Makanisa mengine yalifikiria vipi

Wamormoni hawakuwa peke yao mbele ya swali hili, na majibu ya wengine yanafaa kupimwa.

Maaskofu wa Anglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 walikataa kumbatiza mwanaume wa wake wengi. Miaka 100 baadaye, Lambeth ya 1988, baada ya kazi kubwa ya maaskofu wa Afrika, akiwemo David Gitari wa Kenya, waligeuza: anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, akiahidi hataoa tena, na asilazimishwe kumfukuza mke yeyote, kwa sababu ya hasara ambayo mwanamke huyo angepata katika jamii. Jumuiya ya mahali inapaswa kukubali kwanza.

Wakatoliki hawakufika huko. Kifungu cha 1148 cha sheria yao ya 1983 kinamtaka mwanaume anayebatizwa abaki na mke mmoja, lakini kinaongeza kitu ambacho watu wengi hawakijui: askofu anapaswa kuhakikisha kwamba wake walioachwa wanapata mahitaji yao, kwa haki na kwa upendo. Kama jambo hilo linafuatwa kila parokia ni swali lingine; angalau limeandikwa.

Ajabu kubwa iko ndani ya ukoo wa Wamormoni wenyewe. Kundi lililobaki nyuma wakati Brigham Young anakwenda Utah, na ambalo lilijengwa juu ya kukataa wake wengi, leo linaitwa Community of Christ. Mwaka 1972, likiongozwa na uzoefu wake kwa watu wa kabila la Sora nchini India, lilikubali kuwabatiza watu waliokuwa tayari na wake wengi, mradi wasiongeze. Waliokataa wake wengi tangu mwanzo wakafungua mlango. Waliowahi kuwatetea mpaka gerezani wakaufunga.

Mke asiyeandikwa

Sasa turudi Likasi na kuchukua mfano wa kawaida, usiomhusu mtu fulani. Fundi wa Shituru ana mke wa kwanza mwenye cheti cha état civil, na mama mwingine Kikula aliyezaa naye watoto watatu. Anataka ubatizo, na siku moja hekalu. Anaambiwa anyooshe nyumba yake. Kwa sheria, kuna njia moja tu ya kunyoosha: kumwacha yule wa Kikula. Hakuna talaka ya kuomba kwa sababu hakuna ndoa iliyoandikwa. Hakuna hakimu wa kugawa sufuria na mabati. Anatoka siku ile ile, kwa maneno tu.

Kwa mke wa kwanza ni habari njema, na haifai kulipuuza hilo. Miaka mingi amegawana mshahara ambao hakukubali kuugawa, na kanisa linampa kile ambacho tribunal de paix haikumpa. Wanawake wengi wa Katanga wanaoingia makanisa yenye msimamo huu wanajua wanachokitafuta. Msimamo wa mke mmoja una sababu nzuri, na hakuna anayehitaji kuurudisha mji kwenye enzi za Bunkeya.

Tatizo liko kwa mama wa Kikula, kwa kuwa anapoteza mara mbili. Kanuni ya kanisa inasema bwana asiishi naye. Kanuni ya serikali inasema hakuwahi kuwa mke. Bwana akifa, sheria ya urithi inawaweka watoto katika daraja la kwanza la warithi, wakichukua robo tatu ya mali. Mjane halali yuko katika daraja la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Mama wa Kikula hayumo katika daraja lolote. Sheria ya 1950, posho ya Union Minière, Code ya 1987 na fomu ya ubatizo, kila kimoja kwa wakati wake, vimemwambia mwanamke huyu neno lile lile: hatukuoni.

Kanisa la Wamormoni linafundisha kwa mkazo kwamba baba ana wajibu wa kuwalisha watoto wake, na askofu ana mfuko wa kuwasaidia wahitaji. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni kile Wakatoliki walichokiandika katika 1148 na ambacho Joseph F. Smith alijitetea nacho mwaka 1904: kwamba mwanaume anayetii sheria mpya bado ana deni kwa mwanamke aliyemchukua wakati wa sheria ya zamani. Kanisa lililowaachia wazee wake wa Utah nafasi ya kulipa deni hilo lingeweza kumwuliza fundi wa Shituru, kabla ya kumpa maji ya ubatizo, nyumba ya Kikula itakula nini mwezi ujao na nani atalipa shule. Swali hilo halihitaji kibali cha Salt Lake City.

Kwa upande wa watoto, sheria ya Congo imeacha mlango ambao wazazi wengi hawautumii. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa lakini akatambuliwa na baba yake mbele ya afisa wa état civil wakati baba yuko hai, anaingia katika daraja lile lile la urithi na ndugu zake wa nyumba ya kwanza. Kinachotakiwa ni baba mwenyewe kwenda komini na kutangaza kwamba mtoto ni wake. Akikataa, mama anaweza kwenda mahakamani kumtafutia mtoto baba yake. Kuzaliwa kwa mtoto kunapaswa kutangazwa ndani ya siku 90. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, na hapo gharama zinaanza. Likasi ina komini nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Baba anayetaka kuacha nyumba ya pili anaweza kupita huko kwanza, kabla ya kwenda kwa askofu.